Kifo cha UKIMWI kinapoandikwa homa ya mapafu

Kijana wa miaka 32 analazwa akiwa amekonda, anakohoa, pumzi zinambana. Siku ya tatu anafariki. Daktari wa zamu anajaza fomu ya kifo: homa ya mapafu. Hakuandika uongo. Lakini kadi ya kliniki ya VVU imo kwenye mkoba wa dada wa marehemu, na fomu haina neno lolote kuihusu. Kwenye hesabu za taifa, kijana huyu hakufa kwa UKIMWI.

Kwetu tunaoshughulika na takwimu za vifo, hilo si jambo dogo. Fomu ya kimataifa ina mistari minne. Wa juu ni wa kilichomuua mtu mwishoni. Unaofuata, kilicholeta hicho. Unashuka hivyo hivyo hadi kwenye chanzo. Chanzo ndicho kinachohesabiwa. Kwa kijana yule ilitakiwa isomeke: kushindwa kupumua, homa ya mapafu, ugonjwa wa VVU. Mwenye VVU akifa kwa kifua kikuu, kanuni ni ile ile. Na "moyo kusimama" si sababu ya kifo, maana hakuna anayekufa moyo ukaendelea kudunda.

Mara nyingi mwandishi wa fomu anajua ukweli ila anamwonea huruma mjane, asije akanyooshewa kidole msibani. Huruma hiyo naielewa kabisa. Lakini matokeo yake ni makubwa: nchini Afrika Kusini, watafiti waliopitia upya rekodi za 1996 hadi 2006 walikuta zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya UKIMWI vimeingizwa kwenye magonjwa mengine. Kilichowashtua ni umri. Kifua kikuu, homa ya mapafu na kuharisha vilikuwa vinazoa watu wa makamo na vijana kwa kasi isiyoelezeka bila VVU.

Hata hesabu ya walio hai na VVU iliwahi kupotoka. Kwa miaka mingi makadirio yalitegemea damu ya wajawazito kliniki, nyingi zikiwa za mijini. Wapimaji walipoanza kwenda nyumba kwa nyumba, picha ilibadilika: Tanzania Bara mwaka 2003–04 ilipata asilimia 7 ya watu wazima, Kenya mwaka 2003 asilimia 6.7. Mwaka 2007 makadirio ya dunia yalishushwa kutoka watu milioni 39.5 hadi milioni 33.2, sehemu kubwa kwa sababu ya vipimo vipya vya India. Ugonjwa haukuwa umepungua kiasi hicho kwa mwaka mmoja. Upimaji ndio uliokuwa umeboreshwa.

Wengi wetu hufia nyumbani, ambako hakuna daktari wa kujaza fomu. Kwa hao tunatumia mahojiano na ndugu. Tanzania ilianza kazi hii mwaka 1992 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Mhojaji husubiri matanga yaishe, kisha anakaa na aliyemuuguza marehemu na kuuliza polepole: Alikonda? Aliharisha kwa muda gani? Homa ilidumu zaidi ya mwezi? Aliwahi kutoka mkanda wa jeshi? Baadaye madaktari husoma majibu na kuamua chanzo.

Akibisha hodi kwako, una haki ya kukataa. Ukikubali, usimfichie kikohozi wala mkanda wa jeshi. Na kama kadi ya kliniki bado iko chini ya godoro, mtolee aione.