Buibui wa ukutani: yupi anauma na yupi anasingiziwa tu

Mvua zikianza tu wadudu wanaingia ndani, buibui nao wanawafuata, na maswali yanakuwa mengi. Haya hapa ni yale yanayojirudia sana.

Swali: Kuna buibui mkubwa bapa anashinda nyuma ya kabati, usiku anatoka anatembea ukutani. Ni wa hatari?

Jibu: Huyo nyumba nyingi za Pwani anapatikana, jina lake la kitaalamu ni Heteropoda venatoria. Kabla hujamrushia ndala mwangalie vizuri: mwili wa kahawia, bapa, sentimita 2 mpaka 3 hivi, lakini akitandaza miguu anajaa kiganja kizima, na miguu yenyewe imekaa kiubavu kama ya kaa. Chini ya macho ana mstari wa rangi ya krimu unakatiza usoni. Hafumi utando wa kutegea, yeye anawinda kwa mbio, na kitoweo chake kikubwa ni mende, kwa hiyo ukimwona kila siku jua na mende wapo hata kama huwaoni. Ukiona kabeba kitu bapa cheupe cha mviringo chini ya tumbo huyo ni jike, hayo ni mayai, na humo ndani wamo watoto kwa mamia, sasa ukimpiga fagio pale pale ndani kile kifuko kikapasuka unaweza kuwamwaga wote chumbani.

Swali: Ila sumu anayo au hana?

Jibu: Anayo, karibu buibui wote wanayo, ni ya kuulia wadudu. Mtu anaumwa akimbana tu, mfano kavaa suruali iliyokuwa imening'inia ukutani naye yumo ndani, au kamshika kwa mkono. Pataumia, patavimba kidogo, kwa kawaida baada ya siku moja mbili pametulia.

Swali: Na wale wenye miguu mirefu myembamba wanaokaa kwenye kona za dari, ukiwagusa wanatikisika?

Jibu: Hao waache. Kuna maneno yanazunguka eti ndio wenye sumu kali kuliko wote ila meno yao mafupi, sio kweli.

Swali: Nimeamka na malengelenge shingoni, yanawaka moto, bibi anasema buibui kanikojolea. Nipake nini?

Jibu: Hapa naomba usome taratibu maana hili ndilo linaloumiza watu kweli, na sio kwa sababu ya buibui. Buibui hana mkojo wa kuunguza mtu. Uchafu wake unatoka kama kitone kimoja kizito cheupe, angalia ukuta chini ya utando utaona madoa meupe yaliyokauka, ndio hayo, na hayachomi ngozi. Sasa mtu akishaambiwa ni mkojo wa buibui anakaa nyumbani anapaka majivu, anapaka dawa ya meno, siku zinakwenda, kumbe ana kitu kingine kabisa.

Kitu cha kwanza cha kufikiria, hasa msimu wa mvua, ni Nairobi flai. Jina linamwita nzi lakini ni mbawakawa mdogo mwembamba, hata sentimita moja kwa kawaida hafiki, ana mapande mekundu ya machungwa na meusi yamepishana. Hang'ati wala hachomi. Anafuata taa usiku, anatua shingoni, wewe usingizini unampiga kofi au unamsugua, anapasuka, na ndani ana sumu inaitwa pederini ndiyo inayounguza. Huoni kitu mpaka kesho yake au keshokutwa, ndio maana wengi hawaunganishi, halafu unaona mstari mwekundu umefuata pale ulipomsugua, kisha malengelenge. Ukishika jicho na vidole vyenye ile sumu linavimba mpaka linafunga. Baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998 Nairobi walikuwa wengi mno. Dawa ya kwanza ni sabuni na maji mengi mapema kabisa, osha na nguo na shuka, usipasue malengelenge, kitambaa cha maji baridi kinasaidia, yakienea au yakiingia jichoni nenda hospitali. Na ukimwona anatembea mkononi usimponde, mpulize au mwache apande kwenye karatasi.

Kitu cha pili ndicho ninachokiogopa zaidi, mkanda wa jeshi. Ni virusi vile vile vya tetekuwanga, vinabaki mwilini miaka na miaka vinakuja kuamka. Dalili yake: maumivu ya kuchoma yanaweza kutangulia siku kadhaa kabla ya vipele, na vipele vinakaa upande MMOJA tu wa mwili kwa mstari, kifuani, mgongoni, shingoni au usoni, havivuki katikati. Huu una dawa ya vidonge, asiklova, na inafanya kazi vizuri ukianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Sasa fikiria mtu kakaa wiki nzima anapaka majivu kwa sababu ya "buibui", yale masaa yamepotea na maumivu ya mishipa yanaweza kumkalia miezi. Mkanda ukiwa karibu na jicho au kwenye pua nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukikupata ukiwa bado kijana, pima na VVU, sio kwamba lazima unavyo, ila kinga ikishuka mkanda wa jeshi hupata nafasi, na kujua mapema kunakusaidia wewe mwenyewe.

Vile vidonda vya pembeni ya mdomo ukiamka asubuhi navyo buibui hahusiki, mara nyingi ni virusi vya hapesi, na kwa watoto madonda yenye gamba la rangi ya asali ni bakteria, yanataka dawa ya hospitali.

Swali: Kwa hiyo hakuna buibui wa kumwogopa kabisa?

Jibu: Yupo mmoja wa kumjua, mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus. Huyu hapendi ukutani waziwazi, anapenda chini ya viti vya plastiki, kwenye ukingo wa ndoo iliyokaa muda, chooni nje, nyuma ya geti, kwenye vyungu vya maua, ndani ya buti la shamba. Mwili ni mdogo tu, jike kama sentimita moja, tumbo la duara, miguu ina pete pete. Ukimpindua chini ya tumbo ana alama ya rangi ya machungwa yenye kiuno katikati, lakini nani anataka kumpindua? Tafuta mayai: kijifuko cha mviringo cha rangi ya maziwa kimejaa vimiba vimiba pande zote. Ukiona hivyo vimening'inia chini ya kiti umeshamjua mwenye nyumba. Utando wake hauna mpangilio, umevurugika, na ni mgumu kukatika. Ni mwoga, akiguswa anajikunja anaanguka. Akiuma mara nyingi ni maumivu na wekundu pale pale, ila mara chache sumu inakwenda kwenye mishipa ya fahamu.

Swali: Nikiumwa nifanye nini?

Jibu: Osha kwa sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10, toa, rudia. Panadol kwa maumivu. Pete na bangili vua mapema kabla mkono haujavimba. Usichanje kwa wembe, usinyonye, usiweke mafuta ya taa. Kimbia kituo cha afya ukiona tumbo au misuli inakaza, jasho jingi, kutapika, pumzi nzito, au aliyeumwa ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee. Na wekundu ukiendelea kupanuka, usaha, homa, hiyo ni infeksheni, vidonda vingi vinavyoitwa vya buibui huwa ni bakteria tu waliingia kwenye ngozi.

Swali: Si nipulize dawa wafe wote niishi kwa amani?

Jibu: Kwa buibui dawa za kupuliza hazifanyi kazi vizuri hivyo, unayempulizia moja kwa moja atakufa lakini waliojificha wanabaki, na wewe na watoto mmevuta ule moshi, mwenye pumu ndio kabisa. Na tafadhali sana, ile dawa ya shambani ya kupimiwa kwenye chupa ya soda usiiingize ndani kwa ajili ya buibui, mtoto anaona soda anakunywa, hiyo inaua.

Wa ukutani mfunike kwa bakuli, pitisha karatasi ngumu chini, mtoe nje. Utando toa kwa fagio refu, na mjane mwondoe mchana ukiwa umevaa glovu na viatu, vile vijifuko vya miba viponde au vitose kwenye maji ya sabuni. Kung'uta viatu na nguo kabla ya kuvaa. Ziba nafasi chini ya mlango, sogeza kitanda kisiguse ukuta, chomeka chandarua, na taa ya nje izime usipoihitaji kwa sababu hiyo ndiyo inayoita wadudu, Nairobi flai wakiwemo.

Swali: Huku kwetu Ziwa Victoria kuna vibuibui vidogo vinarukaruka kwenye ukuta, navyo nivitoe?

Jibu: Hivyo naomba uviache. Mmoja wao, Evarcha culicivora, yupo kwenu upande wa Kenya na Uganda, watafiti wamemchunguza sana Mbita, mji wa Kenya kando ya ziwa, na anachopenda kula ni mbu jike aliyeshiba damu, hasa Anofelesi yule wa malaria. Mtu hamng'ati.