Pete ya akili haimnenepeshi kiumbe wako

Ukikaa na wacheza gemu wa Dodoma, hasa wanaopenda EverQuest ya zamani, gemu ya uchawi na mapigano inayochezwa mtandaoni, utasikia hili: pete au joho linaloongeza akili ya mchawi humtia nguvu na kiumbe anayemwita ampiganie. Si kweli. Akili humwongezea mchawi mana, yaani akiba ya kufanyia uchawi, wala haimgusi kiumbe.

Kinachowachanganya watu ni bahati nasibu. Katika gemu hiyo, iliyotoka mwaka 1999, uchawi uleule unaweza kukuletea kiumbe wa leveli, yaani ngazi ya nguvu, tofauti kidogo kila unapomwita. Umevaa pete, katoka mkubwa: sifa kwa pete. Katoka mdogo: lawama kwa intaneti!

Kupima hakuhitaji utaalamu, ila kunachosha. Mwite kiumbe, usimpe silaha, mpeleke apigane na adui wa aina ileile, andika pigo lake kubwa kuliko yote, mwondoe, mwite tena. Rudia mara nyingi ukiwa umevaa pete, kisha mara nyingi ukiwa umeivua. Achana na wastani, maana ulinzi wa adui huuyumbisha. Pigo la juu kabisa ndilo linaloonyesha leveli.

Vipo vifaa vichache vilivyotengenezwa kwa kazi ya kumtia kiumbe nguvu, kama fimbo fulani za waita viumbe, na hivyo hufanya kazi kweli. Ila gemu huvikagua wakati wa kumwita tu. Ukishamwita, rudisha fimbo mkobani, nguvu za kiumbe hazipungui. Ukiishika baada ya kumwita, umechelewa.