Fedha Zilale Kwanza: Maana ya Amana ya Benki kwa Mstaafu Anayehamia Thailand

Mgeni aliyefikisha umri wa miaka 50 na anayetaka kuupitisha uzee wake Thailand huulizwa na uhamiaji wa nchi hiyo swali moja kabla ya mengine mengi: je, anacho cha kujikimu bila kufanya kazi? Jibu linalotolewa na wengi ni salio la baht 800,000, yaani dola za Marekani zipatazo 22,000 hadi 25,000 kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka ya karibuni, likiwa katika benki iliyoko Thailand na kwa jina la mwombaji peke yake. Salio hilo ndilo linaloitwa amana ya benki ya viza ya kustaafu. Wengi wakishasoma kiasi hicho hudhani wamelielewa sharti lote, ilhali kiasi ndiyo sehemu yake nyepesi. Sehemu nzito ni tarehe.

Kwanza neno lenyewe liwekwe sawa. Katika Kiswahili cha benki, amana ni fedha ambazo mteja ameziweka na zinazobaki kuwa mali yake. Amana haifanani na ada, ambayo ukishailipa imekwenda, kama zile baht 1,900 za kuombea nyongeza ya mwaka mmoja wa ukaazi. Wala haifanani na dhamana, ambayo hushikwa na mtu mwingine mpaka jambo fulani litimie. Serikali ya Thailand haizigusi fedha za mstaafu wala haiiagizi benki izizuie, na mwenye akaunti anaweza kuamka kesho akazitoa zote. Atakachohatarisha ni haki ya kuendelea kukaa. Ufilipino wana utaratibu mwingine, kwani mstaafu anayeomba viza yao maalumu huweka dola zake katika benki iliyoidhinishwa na hawezi kuzitoa bila ruhusa ya mamlaka inayosimamia wastaafu wageni, jambo ambalo kwa maoni yangu ni dhamana iliyopewa jina la amana. Malaysia nao hutaka amana ya muda maalumu, ambayo baadaye sehemu yake huruhusiwa kutolewa kwa mambo kama vile ununuzi wa nyumba au matibabu. Kibali cha daraja K cha Kenya, ambacho wageni wengi wa makamo huishi nacho pwani, hakiulizi amana hata kidogo. Huuliza kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka.

Turudi kwenye tarehe. Tangu Machi 2019, mstaafu anayeomba kuongezewa mwaka kwa njia ya amana hutakiwa aonyeshe kwamba baht 800,000 zimelala katika akaunti yake kwa muda usiopungua miezi miwili kabla ya siku ya kuomba. Akishakubaliwa, fedha hizo hutakiwa zikae bila kupungua kwa miezi mitatu mingine. Baada ya hapo anaruhusiwa kuzitumia, lakini salio lisishuke chini ya baht 400,000 wakati wowote, mpaka ufike msimu wa kuzirudisha tena kwa ajili ya ombi la mwaka unaofuata. Tuseme mtu huwasilisha ombi lake kila tarehe 1 Novemba. Fedha zote sharti ziwe zimeingia kabla Septemba haijaanza, zikae hivyo hadi mwisho wa Januari, na kuanzia Februari hadi Agosti anaweza kutumia nusu yake. Kwa hiyo katika miezi kumi na miwili, baht 400,000 haziguswi kamwe, na baht 400,000 nyingine zina uhuru wa miezi saba tu, nao ni uhuru wa kukopa, kwa sababu zitatakiwa kurudi. Anayepanga kuishi kwa kuila amana hiyo kidogo kidogo amelielewa sharti kinyume chake: fedha za kula, kodi ya nyumba na dawa zitoke mahali pengine.

Hesabu huwa ngumu zaidi kwa anayeanza. Njia mojawapo ya kawaida ni kuingia kwa viza isiyo ya utalii inayompa mgeni siku 90. Katika siku hizo 90 anatakiwa afungue akaunti, alete fedha, azilaze miezi miwili, kisha aombe mwaka kabla siku hazijaisha. Ukitoa siku 60 za kulala kwa fedha, hubaki siku 30 za kutafuta makazi, kumshawishi meneja wa tawi amfungulie akaunti mtu ambaye bado hana kibali cha muda mrefu, na kusubiri fedha zivuke bahari. Benki nyingine hukataa kabisa, na tawi moja linaweza kukubali kile ambacho tawi jirani la benki ileile limekataa. Ndiyo maana waliotangulia huwahimiza wageni waanze na benki katika juma la kwanza, kabla hata ya kununua godoro. Iko njia ya pili, ambayo mtu huombea viza ya mwaka akiwa bado nchini kwake, na hapo ubalozi unaweza kuridhika na salio lililoko katika benki ya nyumbani. Lakini njia hiyo hudai pia bima ya afya na hati ya polisi ya mwenendo mwema, na mwaka utakapokwisha fedha zitatakiwa zionekane Thailand kama za wengine.

Kwa nini fedha zilazimishwe kulala? Kwa muda mrefu palikuwa na biashara ya mawakala waliomwingizia mteja baht 800,000 katika akaunti, wakampeleka akapigiwa muhuri, kisha wakazitoa na kumdai ada yao. Karatasi zilisema ana fedha, naye hakuwa na kitu. Wahenga walikwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na miezi mitano mfululizo ni njia ya uhamiaji ya kuuliza kama nguo ni yako, kwa kuwa mkopo wa siku moja ni rahisi na mkopo wa miezi mitano ni ghali. Sharti hilo halikuwamaliza mawakala, ila limempa mstaafu mwaminifu kalenda ya kuichunga kama anavyochunga dawa za presha.

Ushahidi nao una desturi zake. Ofisa hataki picha ya skrini ya simu. Hutaka barua ya benki inayothibitisha salio, kitabu cha benki kilichochapishwa miamala hadi siku hiyo, na nakala za kurasa zake. Wengi hutoa na kuweka kiasi kidogo asubuhi ya siku ya ombi ili kitabu kionyeshe tarehe ya leo. Kwa anayeomba mara ya kwanza akiwa ndani ya nchi, huangaliwa pia fedha zimetoka wapi, kwa kuwa zinatakiwa ziwe zimeingia kutoka nje, jambo linalothibitishwa na alama ya uhamisho wa kimataifa katika kitabu. Baadhi ya ofisi humtaka mstaafu arudi baada ya miezi mitatu aonyeshe kwamba hakuzigusa. Akaunti ya mume na mke kwa pamoja huleta mzozo usio wa lazima. Kosa ambalo huwaumiza watu bila hatia yoyote ni kutuma baht 800,000 kamili: benki zinazopitisha fedha hukata ada njiani, zikafika 799,000 na kitu, na hesabu ya miezi miwili haijaanza. Aongeze kidogo juu.

Asiye na mkupuo kama huo anaweza kuonyesha kipato cha baht 65,000 kila mwezi, au kuchanganya kipato cha mwaka na akiba hadi vifikie jumla ya 800,000. Zidisha 65,000 kwa miezi 12 utapata 780,000. Kwa hiyo mwenye pensheni amepunguziwa kidogo, ingawa sidhani kama aliyeandika kanuni alikusudia zawadi hiyo. Zamani kipato kilithibitishwa kwa barua ya ubalozi wa mstaafu. Balozi za Marekani, Uingereza na Australia ziliacha kutoa barua hizo kuanzia 2019, kwa sababu hazikuwa na namna ya kuhakiki alichoapa mwombaji, na raia wa nchi hizo sasa huonyesha fedha zikiingia mwezi kwa mwezi kutoka nje. Kwa msomaji ambaye hulipwa kiinua mgongo kwa mkupuo na pensheni ndogo baadaye, kama ilivyo kwa watumishi wengi wa Afrika Mashariki, njia ya amana ndiyo inayofanana na hali yake.

Fedha zikilala mwaka mzima ugenini huzua maswali yasiyo ya uhamiaji. Benki ikianguka, mfuko wa kulinda amana wa Thailand humlipa mteja hadi baht milioni 1 kwa kila benki tangu Agosti 2021, kwa hiyo kiasi cha viza kimo ndani ya kinga hiyo, alimradi kimewekwa kwa baht. Riba ni ndogo, nayo huweza kukatwa kodi. Mwislamu wa mwambao atajiuliza kuhusu riba yenyewe, na Thailand ipo benki ya Kiislamu inayomilikiwa na serikali; atajiuliza pia kuhusu zaka, maana mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, na kumaliza mwaka mikononi mwa mwenyewe hutolewa asilimia 2.5.

Kisha kuna kifo, ambacho wastaafu huzungumza juu yake kwa uwazi kuliko sisi. Kwa kuwa akaunti ni ya jina moja, benki ikiarifiwa kwamba mwenyewe amefariki huifunga, na mjane hawezi kuchukua hata fedha za mazishi mpaka mahakama ya Thailand imteue msimamizi wa mirathi. Wasia ulioandikwa nyumbani huhitaji kutafsiriwa na kuthibitishwa kabla mahakama haijausikiliza, na ndiyo sababu baadhi ya wastaafu huandika wasia wa pili, mfupi, kwa Kithai, unaohusu akaunti hiyo peke yake.