Ohio State na kombe la msimu wa 2024: wanayosema watu na ilivyokuwa kweli

Kila msimu wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo (ule mchezo wa kukimbia na kurusha mpira kwa mikono) ukikaribia, stori za timu ya chuo cha Ohio State na lile kombe la ubingwa wa taifa walilobeba Januari 2025 zinarudi, na nusu ya yanayosemwa hayako hivyo kabisa. Hii timu naipenda na ule msimu niliufuatilia mechi kwa mechi, kwahiyo tuwekane sawa.

Dhana: "Kombe lile walilinunua"

Hii ndo inasemwa kuliko zote. Mkwanja ulikuwepo, hakuna anayebisha, mkurugenzi wa michezo wa chuo Ross Bjork mwenyewe alitaja kama dola milioni 20 kwa kikosi kizima. Na ni kweli kuna waliohamia: kwotabeki (mrusha pasi) Will Howard katokea Kansas State, Caleb Downs na Seth McLaughlin wametoka Alabama, Quinshon Judkins katoka Ole Miss. Ila ukiishia hapo umesoma ukurasa mmoja tu. Waangalie waliobaki. Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, Donovan Jackson, Tyleik Williams, Denzel Burke, hawa wote waliingia chuoni 2021 wakiwa wametoka sekondari, wangeweza kwenda kujaribu NFL, ligi ya kulipwa, mapema 2024 na wakaamua kurudi mwaka mwingine, kwa sababu walikuwa hawajawahi kumfunga Michigan, mahasimu wao wakubwa, hata mara moja na hawajabeba hata taji la ligi yao ya Big Ten. Uchungu wa hivo haununuliki. Na ubora wao ulionekana Aprili 2025, wachezaji 14 wa timu hiyo walichaguliwa kwenye drafti ya NFL, yaani pale timu za NFL zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, wanne kati yao raundi ya kwanza, na kati ya hao wanne Egbuka, Jackson na Williams ni haohao wa 2021.

Halafu watu wanadhani chuo ndo kilikuwa kinalipa mishahara. Hapana. Mwaka ule vyuo vilikuwa bado haviruhusiwi kumlipa mchezaji moja kwa moja, hela ilitoka kwa makampuni na vikundi vya washabiki wenye uwezo, kwa kutumia jina na picha ya mchezaji. Vyuo kulipa vyenyewe kumeanza Julai 2025.

Dhana: "Waliofungwa na Michigan ile walikuwa wabovu, baadaye wakabahatisha"

Novemba 30, 2024, pale pale Columbus, nyumbani kwa Ohio State, kwenye uwanja unaobeba watu zaidi ya laki moja, Michigan kaja na rekodi ya kushinda 6 kupoteza 5, na akaondoka na ushindi wa 13-10. Iliuma, wacha niseme ukweli, ilikuwa mara ya nne mfululizo. Howard pasi zake mbili zilinaswa, mpigaji Jayden Fielding akakosa fildi goli (mpira unaopigwa kwa mguu kupita kati ya nguzo) mbili. Lakini ukitaka kuelewa kilichotokea angalia katikati ya mstari wa mbele. Josh Simmons aliyekuwa analinda upande wa kushoto aliumia goti Oktoba kwenye mechi ya Oregon, McLaughlin ambaye ni senta (mtu wa katikati ya mstari huo) akachanika mshipa wa kisigino mazoezini Novemba, na upande wa pili Michigan walikuwa na majitu mawili, Mason Graham na Kenneth Grant, ambao wote walienda raundi ya kwanza ya drafti. Sasa makocha wa Ohio State wakang'ang'ania kukimbiza mpira hapohapo katikati penye ukuta huku risiva wao (wadaka pasi) wako pembeni wanasubiri! Kwa maoni yangu siku ile kilichofeli ni mpango wa mechi, vipaji vilikuwepo.

Na wiki tatu baadaye ukaonekana mpango mwingine. Desemba 21, raundi ya kwanza ya mtoano wa kutafuta bingwa, wakamkaribisha Tennessee, mpira ukatupwa kwa Egbuka na kwa Jeremiah Smith, dogo wa mwaka wa kwanza, ikaisha 42-17. Siku ya mwaka mpya, robo fainali kwenye Rose Bowl, wakakutana na Oregon aliyekuwa hajafungwa na mtu, na ambaye Oktoba aliwafunga 32-31, ndani ya robo ya pili ikawa 34-0. Thelathini na nne bila! Mwisho 41-21. Bahati gani hiyo.

Dhana: "Ukipoteza mechi mbili hustahili kuwa bingwa"

Hii imetoka enzi za mtoano wa timu nne, kuanzia msimu wa 2014 hadi 2023, ambapo kweli hakuna timu iliyopoteza mbili ikaingia. 2024 mtoano ukawa wa timu 12, Ohio State, aliyepoteza kwa Oregon na kwa Michigan, akapangwa namba 8. Tena LSU alikuwa bingwa wa 2007 na alipoteza mbili, kwahiyo hata si jambo jipya. Na wale wanne waliopewa nafasi ya kuruka raundi ya kwanza, Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State, wote walitolewa mechi yao ya kwanza kabisa.

Dhana: "Ule mchezo ni kugongana tu"

Nenda katafute nusu fainali na Texas, Januari 10, 2025. Ohio State anaongoza 21-14, dakika zinaisha, Texas kafika yadi moja tu kutoka kwenye mstari wa tachidauni, pale unapofungia. Yadi moja, na ana majaribio manne ya kuuvuka. La kwanza wakasukuma katikati, wakagonga mwamba. La pili wakaamua kuzunguka pembeni, mabeki wakawa wameshasoma, Texas akarudishwa nyuma yadi saba. La tatu pasi ikaanguka. La nne Sawyer akamzunguka mlinzi wake akamfikia kwotabeki Quinn Ewers, mtu ambaye 2021 waliishi chumba kimoja pale Ohio State, akaupiga mpira ukatoka mkononi, akauokota mwenyewe akakimbia yadi 83 hadi mwisho. 28-14. Ile ya pili ndo ilivunja kila kitu, maana kutoka yadi nane huwezi tena kusukuma, lazima urushe, na ukirusha Sawyer anapata muda wa kufika.

Dhana: "Fainali ilikuwa rahisi"

Atlanta, Januari 20, Notre Dame alianza kwa kushika mpira karibu dakika kumi nzima akafunga. Ohio State wakajibu mpaka 31-7, halafu Notre Dame akarudi 31-23. Zimebaki dakika kama mbili na nusu, jaribio la tatu, zinahitajika yadi 11 ili waendelee kushika mpira, timu nyingi hapo zinakimbiza tu ili saa iende. Wao wakarusha kwa Smith, yadi 56. Fielding, yuleyule wa Michigan, akapiga fildi goli, 34-23.

Dhana: "Kombe lilifuta deni la Michigan"

Halikufuta. Hizi timu zinakutana tangu 1897, kila mechi ina hesabu yake. Deni lililipwa Novemba 29, 2025, Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, Ohio State akashinda 27-9, na wakati huo Sawyer na wenzake wale wa 2021 walikuwa wameshaondoka.