Nikija Marekani nitatoboa? Jibu limo kwenye mstari wa wategemezi

Mtoto wa kaka yangu anayeishi Temeke hunitumia ujumbe wa sauti asubuhi yake, kwangu ikiwa usiku wa manane. Wa wiki jana ulikuwa mfupi: "Shikamoo shangazi. Niambie ukweli, usinifiche. Nikija huko nitatoboa, au hii ndoto ya Kimarekani ina wenyewe?"

Ndoto hiyo inaahidi kwamba kila mtu akijituma atatoboa, hata awe amezaliwa kwa nani. Swali hilo naulizwa harusini na misibani. Watu hudhani ninalo jibu kwa sababu ya kazi yangu: najaza ritani za kodi hapa Charlotte, North Carolina. Kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili meza yangu inajaa makaratasi ya wauguzi wasaidizi, madereva wa malori na wabeba boksi wa maghalani. Ni Watanzania, Wakenya, na Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ukimjazia mtu ritani miaka kumi mfululizo unamjua kuliko mchungaji wake.

Nianze na ninachokiona mezani. Mwajiriwa hukatwa asilimia 7.65 ya mshahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, na mwajiri wake analipa kiasi hicho hicho. Dereva wa Uber hana mwajiri, hivyo pande zote mbili ni zake: asilimia 15.3, na kodi ya mapato bado iko palepale. Kila Machi yupo anayekaa mbele yangu na kunitajia kwa furaha alichoingiza mwaka mzima, hakutenga hata senti ya kodi, na mimi ndiye ninayelazimika kumwambia.

Lakini pia kuna unafuu wa kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, unaoitwa EITC, ulioanza mwaka 1975. Kwa mwaka wa kodi 2024, familia yenye watoto watatu iliweza kupata hadi dola 7,830. Hela hiyo ndiyo inayonunua gari la kwanza, na katika mji huu bila gari huna kazi. Sasa, asiye na makaratasi, anayelipa kodi kwa ITIN, yaani namba ya kodi ya wasio na namba ya hifadhi ya jamii, hapati kitu katika unafuu huo. Kulipa analipa. Kwa hiyo hilo "kila mtu" linaanza kupungua watu hata kabla hatujafika mbali.

Sehemu ya fomu ninayotaka uitazame kwa makini ni nyingine. Kwenye fomu 1040, ambayo ndiyo ritani yenyewe, kuna mistari ya wategemezi: jina la mtoto, namba yake ya hifadhi ya jamii, na uhusiano wenu. Wateja wangu huiona kama mahali pa kuongezea marejesho. Wachumi waliiona kama hazina. Raj Chetty, aliyezaliwa New Delhi na kuletwa Marekani akiwa na miaka tisa, pamoja na wenzake walipata kumbukumbu za kodi zilizoondolewa majina. Wakamuunganisha kila mtoto na mzazi aliyemwandika kama mtegemezi, kisha wakaangalia mtoto huyo ukubwani anaingiza kiasi gani. Walifanya hivyo kwa watoto zaidi ya milioni 40, na matokeo yakatoka mwaka 2014.

Wapange Wamarekani wote kwenye jengo la ghorofa tano, kila ghorofa watu idadi sawa, wenye kipato kidogo chini kabisa, wenye kipato kikubwa juu kabisa. Kama pa kuzaliwa pasingekuwa na maana, kati ya watoto 100 wa ghorofa ya chini, 20 wangefika ya juu. Marekani nzima wanafika saba na nusu. Canada, kwa hesabu hiyo hiyo, wanafika 13 na nusu. Yaani aliyeinadi ndoto dunia nzima kapitwa na jirani yake ambaye hata hakuipigia debe.

Ila wastani wa nchi hauishi mahali popote. San Jose, California, ilikuwa karibu 13 kati ya 100. Charlotte ilikuwa 4.4, ya mwisho katika maeneo 50 makubwa. Ndiyo, hapa hapa ninapoandikia, mji wenye makao makuu ya Bank of America, ambako majengo marefu yanaota kama uyoga baada ya masika. Ukitembea katikati ya mji utabisha, kwa sababu utawaona vijana wenye mishahara mizuri kila kona. Kipimo hicho lakini kilihusu waliolelewa hapa. Wengi wa unaowaona wamekuja na shahada zao kutoka kwingine.

Kwa nini Charlotte? Kaa na wazee wa hapa watakusimulia Brooklyn; si ile ya New York, ni mtaa wa watu weusi uliokuwa pembeni tu ya katikati ya mji. Ulibomolewa miaka ya 1960 kwa jina la kuuboresha mji. Familia zaidi ya 1,000 zilihamishwa, na makanisa na maduka yao yakaenda na vumbi. Weupe wenye uwezo walikaa kwenye kipande cha kusini mashariki ambacho kwenye ramani kinafanana na kipande cha pai, na wengine wakawa tao linalokizunguka. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu wanafunzi wa hapa wapelekwe kwa mabasi ili shule zichanganyike, ikawa mfano wa nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango huo ukaisha, na shule zikarudi kufuata mitaa. Mtoto wa ghorofa ya chini akabaki na majirani wa ghorofa ya chini. Katika kipimo kipya cha 2024 Charlotte imepanda hadi nafasi ya 38. Tunashukuru, ingawa 38 kati ya 50 si ya kuchinjia mbuzi.

Kuna jaribio moja ninalowasimulia wateja hata wasiponiuliza. Miaka ya 1990 serikali ilizipa familia maskini katika miji mitano vocha za kuhamia mitaa isiyo na umaskini mkubwa. Waliopata walichaguliwa kwa bahati nasibu. Mishahara ya wazazi waliohama haikupanda. Watoto waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikuja kuingiza karibu asilimia 31 zaidi ya wenzao walipofika miaka ya ishirini na kitu. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo.

Wahamiaji tunayo nafuu yetu. Wanahistoria wa uchumi Ran Abramitzky na Leah Boustan walifuatilia kumbukumbu tangu zama za meli hadi zama za ndege, wakakuta watoto wa wahamiaji wanapanda kuliko watoto wa wenyeji waliolelewa katika kipato kama chao. Sababu moja ni kwamba mgeni hajafungwa na kijiji. Anakwenda kwenye kazi. Nyingine naijua bila utafiti: mwalimu wa fizikia anabeba boksi, na fomu inamhesabu kama mbeba boksi, lakini jioni watoto wake wanafundishwa hesabu na mwalimu wa fizikia.

Sitamficha kijana wangu jambo moja. Timu ya Chetty ilikuta kwamba wavulana weusi na weupe waliolelewa kwenye kipato sawa, hata mtaa mmoja, hawafiki mahali pamoja. Karibu kila mtaa wa nchi hii mvulana mweusi anaishia na kipato kidogo zaidi. Kwa wasichana tofauti hiyo karibu haipo. Mtoto mweusi aliyezaliwa ghorofa ya juu ana uwezekano wa kuangukia ya chini unaokaribia ule wa kubaki juu. Wapo wanaotaka kuniambia hilo ni suala la bidii. Bidii gani hiyo inayowapata dada ikawaruka kaka zao wa tumbo moja?

Kwa hiyo nilipomjibu sikumtajia mshahara. Nilimwambia yeye mwenyewe huenda akabaki pale atakapoanzia, pengine hatua moja juu, akilipa kodi ya nyumba huku na kununua saruji za kujenga Kibaha, jambo ambalo hakuna mtafiti anayelihesabu. Nikamwambia kabla ya kazi atafute shule, kisha mtaa, halafu ndipo kazi. Mwisho nikamuuliza binti yake ana miaka mingapi sasa.

Alijibu asubuhi yake ilipofika, sauti ikiwa na mshangao kidogo: "Ana minne, shangazi. Kwani yeye ndiye anayekuja kutafuta?"