Papa, Uingereza haina rais!

Jumamosi iliyopita, kichwa changu kikiwa kimenyolewa nusu katika kibanda cha kinyozi huku Katuba, Lubumbashi, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza, midomo ikaanza. Papa mmoja, yaani mzee, aliyekuwa akingoja zamu yake akasema: “Wazungu nao wana kudeta zao, mapinduzi yao. Mwaka 2022 Waingereza walibadilisha rais mara mbili, raia hawakupiga hata kura moja.” Akanigeukia: “Ama namna gani, profesa?”

Mara ya ngapi hii? Nasoma sayansi za siasa, basi mtaani naletewa Ulaya nzima kama fundi anavyoletewa redio mbovu.

Wana mfalme, hawana rais. Hilo tuliache. Kinachoniwasha ni neno “kuchagua”. Mwingereza hasimami mbele ya mashine yenye picha za wagombea, kama sisi mwaka 2023, akambonyeza waziri mkuu. Anachagua mbunge wa sehemu yake, mmoja kati ya 650, basi. Mfalme humteua anayeungwa mkono na wengi bungeni, na huyo kwa kawaida ni kiongozi wa chama chenye viti vingi. Chama kikibadilisha kiongozi, waziri mkuu naye amebadilika.

Nikamuuliza: “Papa, gavana wetu wa Haut-Katanga ulimpigia kura?”

“Mimi? Nilichagua depite.”

Ndiyo hiyo! Gavana anachaguliwa na madepite, yaani wabunge wa jimbo. Watu huipa kura ile majina mengi, ila sijasikia anayeiita kudeta. Mfano wangu unachechemea, najua: kule bunge halipigi kura ya kumchagua waziri mkuu, inatosha lisimwangushe.

Sasa Liz Truss, waziri mkuu aliyempokea Boris Johnson. Septemba 2022 aliingia kwa kura 81,326 za wanachama wa chama chake. Watu hao ungewajaza uwanja wa Stade des Martyrs kule Kinshasa, wachache wakabaki nje wakitafuna karanga. Tarehe 23 mwezi huohuo serikali yake ikatangaza kupunguza kodi bila kusema pengo litazibwa na pesa gani. Pauni ikaporomoka, benki kuu ikalazimika kuingilia kati. Gazeti moja likaweka saladi mbele ya kamera, ionekane nani atawahi kuoza, yenyewe au Truss. Si kabichi, ni saladi, ile ambayo mama wa soko la Kenya (komuni yetu, si nchi) huinyunyizia maji kila baada ya dakika chache na jioni bado anaitupa. Saladi ikashinda. Truss alikaa siku 49.

Na hakuangushwa na kura ya bunge! Watu hawanisikii hapo. Waziri mkuu wetu Ilunkamba, Januari 2021, aliangushwa kwa kura 367, zikahesabiwa wazi. Kule, mara ya mwisho bunge kufanya hivyo ilikuwa 1979: waziri mkuu Callaghan, kura 311 kwa 310. Tangu hapo, anayeanguka katikati ya muhula mara nyingi amesukumwa na watu wake mwenyewe. Thatcher aliondoka hivyo, na Johnson hivyo.

“Na hiyo imeandikwa wapi?” papa akauliza.

Nikakwama. Katiba yao haiko katika kitabu kimoja, na mengi ya haya ni desturi tu. Mwalimu akisema “desturi” darasani, sote tunaandika “desturi”, tunapiga mstari chini, tunaendelea. Lakini siku mtu akigoma kutoka, desturi itamshika mkono? Vitabu vyangu hupita hapo mbio, nami nimekuwa nikipita navyo. Tena papa hakukosa yote: wakati wa kampeni viongozi wa vyama hupambanishwa kwenye televisheni kana kwamba ni marais watarajiwa. Mwingereza mwenyewe akiingia kupiga kura anafikiria sura ya nani? Mbunge wake huenda hata jina hamjui.

Umeme ukarudi. Papa akacheka: “Basi ni kudeta yenye barua ya kujiuzulu.” Kinyozi akaniinamisha kichwa amalizie upande wa kushoto, na mtu akiwa ameinamishwa hivyo habishani.