Fort Jesus ilitekwa vipi kila mara

Kazi yangu ni majengo ya kale ya mawe na chokaa, na jengo ambalo watu huniuliza zaidi ni Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa. Swali huwa ni lilelile, ile mizinga ilizamisha meli ngapi? Mi naona swali lenye faida zaidi ni ngome yenyewe ilichukuliwa vipi, kwa sababu ilitoka kwa huyu ikaenda kwa yule mara nyingi ajabu, na karibu kila mara aliyeichukua hakuja akapigana na ile mizinga uso kwa uso. Aliingia mlangoni kama mgeni, au alikaa nje akangoja watu wa ndani waishe.

Kwanza mahali. Mombasa ni kisiwa na ina milango miwili ya bahari, wa upande wa mashariki unaingia Bandari ya Kale na kuendelea hadi Tudor, wa upande wa pili unaingia Kilindini. Siku za majahazi na merikebu za matanga biashara yote ilikuwa Bandari ya Kale, na chombo kikishapenya uwazi wa mwamba kikaelekea huko ni lazima kipite chini ya jabali la matumbawe ambalo ngome imekaa juu yake. Hakuna pa kuchepukia. Kwa hiyo aliyeshika jabali lile ameshika ushuru wa forodha, na ushuru ndio uliokuwa ukigombaniwa miaka yote hiyo, tusidanganyane.

Wareno walianza kufika na Vasco da Gama mwaka 1498 na kwa karibu miaka mia hawakujenga ngome kama hii hapa, rafiki yao alikuwa mfalme wa Malindi, Mombasa walikuwa wakija wanauchoma mji wanaondoka, 1505, 1528, tena 1589. Kilichowabadilisha nia ni Waturuki. Amir Ali Bey alishuka pwani hii mwaka 1585 akarudi 1588, na miji mingi ya Waswahili ilimpokea kwa mikono miwili, Wareno wakaona hii pwani itawaponyoka na njia ya India iko hatarini. Basi 1593 kazi ikaanza, mfalme wao wakati huo ni Felipe II wa Hispania ambaye alikuwa ameshika na Ureno pia, na mchoraji wa plani ni Mtaliano wa Milan, Giovanni Battista Cairati, injinia mkuu wa ngome zao za upande wa India. Ni moja ya kazi zake za mwisho mwisho. Mfalme wa Malindi naye akahamishiwa Mombasa kutawala chini yao.

Hapa niruhusuni nikae kidogo maana ndo fani yangu. Ukiitazama plani ya ngome kutoka juu utaona kama mtu aliyelala chali, na wengi hudhani ni urembo au ni mambo ya dini kwa sababu ya lile jina, lakini kila kona pale ina kazi. Buruji ziko nne, San Mateus, San Matias, San Felipe na San Alberto, na zimetokeza nje ya ukuta ili askari aliye kwenye buruji moja aone mguu wa ukuta wa jirani yake, kwa sababu ukuta mrefu mnyoofu una shida moja, adui akishaufikia pale chini huwezi kumpiga mpaka uinamie nje, na ukiinamia nje unapigwa weye. Kwa buruji hizi hakuna pahali pa kujificha chini ya ukuta, popote utakaposimama kuna mtu anakuona kutoka ubavuni. Upande wa nchi kavu kuna handaki lililochongwa kwenye mwamba wenyewe wa matumbawe, na ukuta umelala kidogo kwenda ndani badala ya kusimama wima ili risasi ya mzinga isiupate sawasawa. Jiwe la matumbawe nalo lina tabia nzuri, si gumu kama jiwe la mlimani, ukilipiga linameza pigo badala ya kupasuka vipande.

Kwa hiyo ukuta ulikuwa mzuri kweli. Sasa tazama kilichotokea.

Yusuf bin Hassan alikuwa mtoto wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia bara na huko akauawa mwaka 1614. Mtoto akapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno huko India, akalelewa na mapadri, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo Chingulia, alafu akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, ni mfalme nani atamfungia mlango, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, na Wareno wa mjini nao wakauawa. Mzinga hata mmoja haukumzuia. Mwaka uliofuata jeshi likaja kutoka Goa kuikomboa, likakaa nje miezi likashindwa kuingia, yaani ngome ya Wareno iliwazuia Wareno wenyewe! Yusuf aliondoka mwenyewe kwa chombo, ndipo wakairudia. Ukifika langoni tazama juu, kuna maandishi ya 1635 ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira akijisifu kwa kuitia adabu pwani, na ukijua kilichotangulia utaelewa kwa nini alihitaji kuandika.

Alafu ikaja vita ya Waomani. Jeshi la Imamu Saif bin Sultan lilifika Machi 1696 na likakaa nje ya ngome karibu miezi 33. Ndani walikuwa Wareno wachache sana, pengine 50 hadi 70, waliobaki ni Waswahili na Waafrika wengine waliokuwa upande wao, na familia zao. Kitu kinachonihuzunisha ni kwamba hawa ndio walioibeba ile vita na majina yao karibu yote yamepotea. Msaada ulifika Desemba 1696 lakini baadaye maradhi yakaingia, Wareno wakafa wote, na ilipofika Julai 1697 aliyekuwa akiishika ngome ni Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, na jamaa zake 17, wanaume wengine 8 na wanawake 50. Ngome ya mfalme wa Ureno, na hamna Mreno ndani. Na kumbuka msaada wa Goa unakuja na kaskazi tu, upepo ukishageuka kusi unangoja mwaka mwingine, na maji ya kisima cha ngomeni yana chumvi, ya kuogea na kufulia, ya kunywa ni ya mvua birikani. Mwaka huohuo 1697 merikebu Santo António de Taná iliyoleta msaada ikazama mbele ya ngome, na iko palepale mpaka leo, ilichimbuliwa chini ya maji kuanzia 1977 na vitu vyake vingine utaviona makumbusho. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani walipopanda ukuta waliokuwa wamebaki kuulinda ni kapteni, watu 9 na padri mmoja. Wiki moja tu baadaye meli za msaada zikatokea.

Yaliyofuata ni yaleyale. 1728 askari wa ndani waliasi dhidi ya Waomani, Wareno wakarudishiwa ngome, mwaka wa pili wenyeji wakawazunguka kwa njaa mpaka wakatoka Novemba 1729. Miaka ya 1740 watu wa Oman waliingia kwa urafiki wa uongo wakamuua liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui, ndugu yake Ali akatoroka kifungoni, akarudi akapanda ukuta akaichukua. Na ukoo huu wa Mazrui walioishika muda wote huo mwishowe waliipoteza 1837 kwa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, baada ya wao kwa wao kugombana.

Mara ambayo mizinga ya baharini iliamua jambo ni Januari 1875. Akida Muhammad bin Abdallah, mkuu wa askari wa ngomeni, alikuwa amemuasi Sultan Barghash wa Zanzibar akajifungia ndani, Waingereza wakaleta manuwari Nassau na Rifleman wakaipiga ngome mpaka akasalimu amri. Mizinga ya zama zile si ile aliyoifikiria Cairati.

Kuanzia 1895 ilikuwa jela ya Waingereza, hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia 2011. Siku hizi adui wake ni mawimbi yanayokula mwamba chini ya buruji za upande wa bahari, ndo maana kumejengwa ukuta wa kuyakinga. Adui mwengine ni saruji. Wenye nyumba za Mji wa Kale mnisikie na nyinyi: ukuta wa matumbawe unapumua, ukiupiga plasta ya saruji unyevu na chumvi vinafungiwa ndani na jiwe linamomonyoka nyuma ya plasta bila wewe kuona. Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri, ipakwe tabaka nyembamba nyembamba, na kila tabaka iachwe ikauke polepole kabla ya kupaka nyingine.